Maji ya kusimama na maji ya kutembea

Mama aliingia Dar mwezi wa pili, katikati ya joto la kaskazi, siku ambayo hata kunguru wa Upanga walikuwa wamekaa kwenye mwarobaini midomo wazi. Alikuja kwa ajili ya macho. Kliniki yake ilikuwa kila baada ya wiki mbili, na basi la Tanga si kitu cha kumpandisha mtu wa umri wake kila mara, kwa hiyo tukakubaliana akae kwangu mpaka masika yaishe. Nikamfungulia chumba cha wageni, chenye choo na bafu lake ndani, ambacho kilikuwa kimefungwa tangu mdogo wangu ahamie Dodoma mwezi wa kumi. Nikafagia, nikatandika shuka mpya, nikawasha kiyoyozi. Kikanguruma, kikatoa baridi. Nikaona kazi imekwisha.

Asubuhi ya nne nilipita kumsalimia kabla sijatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, ukuta wako unalia."

Alama ya maji ilianzia chini ya kiyoyozi ikashuka kama ulimi mpaka kwenye kichwa cha kitanda. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Sakafuni alikuwa ametandika kanga mbili za kunyonya maji, na mto wake ulikuwa na unyevu upande mmoja.

"Na usiku kuna harufu," akasema. "Sikutaka kukusumbua, wewe unaamka alfajiri."

Siku tatu mzima mama yangu amelala kwenye maji na harufu ya choo, akanyamaza ili nisikose usingizi. Hilo ndilo lililonifanya nishughulikie jambo hili mpaka mwisho wake, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Mimi nauza vifaa vya bomba Kariakoo, mwaka wa 11 sasa. Elbo, ti, soketi, gundi, koki, trapu za sinki na za sakafuni. Mteja akija na kipande kilichovunjika ndani ya mfuko mweusi, mara nyingi nakijua kwa kukipapasa. Lakini mpira mwembamba wa kutolea maji ya kiyoyozi sisi hatuuzi, na sikuwahi kuufikiria. Nikaita fundi wa AC niliyepewa namba yake na mtu. Alifika, akatazama dakika mbili, akasema gesi imepungua. Akajaza, akachukua hela yake, akaondoka. Usiku ule ukuta ukalia kama kawaida.

Simtaji, na huenda alikuwa ana haraka tu. Ila nimejifunza hivi: gesi ikipungua kweli, mabomba ya ndani ya mashine yanaweza kuganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji yanadondoka ovyo. Lakini ukifungua kifuniko barafu utaiona kwa macho, na baridi ya chumbani nayo hupungua. Yetu ilikuwa inapuliza baridi vizuri kabisa na hapakuwa na barafu hata chembe. Mashine inayopoza vizuri huku inamwaga maji ndani, anza na njia ya maji.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Weka chupa ya soda baridi juu ya meza ya mama lishe saa saba mchana. Dakika chache tu chupa imetoka jasho, na jasho lile halikupenya kwenye kioo. Ni unyevu wa hewani uliogusa kitu cha baridi ukageuka matone. Ndani ya kiyoyozi kuna mabomba ya baridi yaliyovalishwa mapezi membamba ya alumini. Hewa ya chumba ikipita pale inatoka jasho lile lile. Matone yanaangukia kwenye trei nyembamba iliyo chini ya mapezi, na kwenye trei unaanza mpira wa kuyapeleka nje. Mashine nyingi za ukutani hazina pampu ya kusukuma maji hayo. Ni mteremko tu.

Wengi wakiona maji wanadhani mashine imeharibika. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York, na kilichokuwa kinawasumbua ni unyevu: karatasi zilivimba na kusinyaa, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kutoa maji hewani ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya mashine hizi. Kwa mji wa pwani kama wetu ni kazi kubwa. Nilikuja kukinga maji ya chumba cha mama kwenye ndoo baadaye, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa 12 asubuhi, nikapata kama lita sita. Lita sita kila usiku, zikipita kwenye mpira ambao kidole changu cha shahada hakiingii vizuri.

Jumamosi nikazima umeme wa mashine kwenye swichi yake, nikapanda ngazi. Jambo la kwanza nililopima ni ulalo, kwa pima maji ya dukani. Kipovu kikakimbilia upande wa mpira, maana yake upande wa kutolea maji ndio uliokuwa umeinuka. Si sana, labda unene wa shilingi mbili zikibebana, lakini trei yenyewe ni nyembamba, na maji hayapandi mlima hata wa unene huo. Hayo aliyafunga aliyeifunga mashine tangu mwanzo. Miaka yote maji yalikuwa yanajikusanya upande wa pili na kutoka kwa kubahatisha.

Kisha nikafuata mpira. Ulitoboa ukuta ukaingia bafuni, ukashuka na tumbo katikati kwa sababu uzi wa kuushikilia ulikuwa umekatika, halafu ncha yake ikaingizwa kwenye tundu lililotobolewa kwenye bomba la choo, lile la inchi nne linaloshuka toka ghorofa za juu. Pembeni ya tundu palikuwa pamezibwa kwa tambara. Nilipouchomoa ulitoka na ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Vumbi la chumbani, nyuzi za shuka, ngozi zetu wenyewe zinazopukutika, vyote vinaloana kwenye mapezi na kushuka na maji. Kwenye giza na unyevu vijidudu vinajijengea makazi humo. Na pale penye tumbo, ambapo maji yanasimama, ndipo ute unapokuwa mnene kuliko kwingine.

Nilishuka kwa vijana wanaoosha magari nyuma ya jengo, wakaniazima ile mashine ya kufyonzea maji kwenye mazulia ya magari. Ncha ya mpira nikaizungushia kitambaa ili hewa isipite pembeni, nikafyonza. Fyonza kutoka nje, usipulize kuelekea ndani. Ukipuliza kwa nguvu unaurudisha uchafu kwenye trei, na kama mpira umeungwa vibaya nyuma ya mashine unauchomoa huko ukutani usikokuona. Ulipokuja ute ulikuja kama utumbo wa samaki. Mama alikuwa amekaa kitandani ananitazama, akasema taratibu, "Hicho ndicho nilikuwa nakivuta usiku kucha."

Nikaosha chujio. Nikamimina nusu lita ya maji kwenye trei, polepole, mama akiwa bafuni anasikiliza. "Yanakuja," akasema. Nikamalizia na kikombe cha siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, ikae nusu saa, kisha maji matupu. Hapa nisimame kidogo. Watu wengi wananiambia wanatumia jiki. Jiki inaua ute, lakini inakula alumini, na ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Katika chumba kilichofungwa, juu ya kitanda cha mzee, usifanye hivyo. Chagua kimoja tu, na mimi nachagua siki.

Ulalo nikausawazisha na fundi mwingine, kijana mtulivu aliyekubali kulegeza bamba la ukutani na kulifunga upya huku mimi nimeshika pima maji. Tumbo la mpira nikaliondoa kwa kufunga klipu tatu. Ncha nikairudisha palepale nilipoikuta, kwenye bomba la choo. Nikaziba vizuri zaidi, kwa silikoni.

Usiku ule ukuta haukulia. Asubuhi mama akaniambia, "Maji yameacha. Lakini harufu sasa imezidi. Na zamani ilikuwa inatoka bafuni, sasa inatoka juu. Inakuja na baridi."

Ilinichukua muda mrefu kuelewa, nimekaa pembeni ya kitanda chake, na nilipoelewa nilihisi vibaya sana. Ute ule ulikuwa umeziba mpira. Ulizuia maji yasitoke, lakini ulizuia na hewa ya bomba la choo isiingie. Mimi nilisafisha njia ikawa wazi pande zote mbili. Nilikuwa nimeunganisha choo cha ghorofa nne na pua ya mama yangu kwa mpira safi kabisa.

Bomba la maji machafu halina maji ndani yake muda mwingi. Lina hewa, na hewa hiyo inabeba gesi za uchafu unaooza, pamoja na ile yenye harufu ya yai viza. Kinachotutenganisha nayo ni maji kidogo yaliyosimama kwenye kona. Ndiyo trapu. Alexander Cumming, fundi saa aliyekuwa London, alipata hataza ya choo chake mwaka 1775, na sehemu muhimu ya choo kile ilikuwa bomba lililopindwa kama herufi S, ili maji ya mwisho kupita yabaki kwenye pindo na kuziba njia ya hewa. Mpaka leo trapu ninazouza ni wazo lile lile. Zimebadilika sura tu: nyingine zimelala kama herufi P, nyingine ni kikombe cha kufungua kwa mkono chini ya beseni, nyingine zimezikwa sakafuni na unaona kimfuniko chenye matundu tu. Kina cha maji yanayoziba kwa kawaida ni kama sentimita tano. Upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Nyumba nzima inakaa nyuma ya vidole vitatu vya maji.

Kwa hiyo nilikuwa nashughulika na maji ya aina mbili bila kujua. Kwenye mpira wa kiyoyozi maji yakisimama, ni ugonjwa. Kwenye trapu maji yakiondoka, ni ugonjwa. Na mtu aliyefunga mpira ule alikuwa ameunganisha njia ya maji ya kutembea na bomba la choo, bila kuweka maji ya kusimama katikati.

Ungeweza kusema basi weka trapu kwenye mpira. Nilifikiri hivyo. Tatizo ni kipupwe. Mwezi wa sita mpaka wa nane hatuwashi kiyoyozi, maji hayaji, trapu ndogo kama ile inakauka, na harufu inarudi wakati hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwapo. Suluhisho lilikuwa jepesi kuliko hilo: mpira usiguse bomba la choo kabisa. Nikaukata, nikaziba tundu kwa kizibo na gundi, nikauteremsha ukutani kwa klipu mpaka juu ya tundu la sakafuni la bafu, nikauacha ukining'inia upana wa kiganja juu ya kimfuniko. Matone yanaanguka hewani, kisha yanaingia. Hata trapu ya sakafuni ikiziba siku moja, maji machafu hayawezi kurudi kwenye mpira, kwa sababu hayaugusi.

Zile mashine kubwa za darini, za maofisini, habari yake ni nyingine. Nyingi feni yake inavuta hewa kupitia kwenye mapezi, kwa hiyo mvuto huo unayavuta hata maji yabaki kwenye trei, na bila trapu kwenye njia yake hayatoki vizuri mpaka uizime mashine. Fundi akija kuninunulia elbo tatu za kutengeneza pindo la mashine ya darini namuuliza kwanza feni iko upande gani wa mapezi. Lakini narudi kwa mama.

Harufu ya juu ikaisha siku ileile. Ya bafuni ikabaki. Nikachukua tochi, nikatoa kimfuniko cha sakafuni, nikamulika. Pakavu. Kulikuwa na mende wawili na vumbi. Chumba kilikuwa kimefungwa miezi minne, hakuna aliyeoga mle, na sentimita tano za maji zilikuwa zimeondoka zenyewe hewani. Na hata mama alipokuja alikuwa anaogea bafu langu, kwa sababu la kwake "lilikuwa linanuka." Kumbe lilinuka kwa sababu hakuna anayeoga humo.

Mama hakusubiri maelezo. Alikwenda jikoni, akarudi na jagi la maji, akamimina. Akamimina la pili. Tukasikia maji yakitulia. "Sisi kule Tanga," akasema, "kila Ijumaa tunamwaga maji kila penye tundu, hata choo cha uani kisichotumika. Bibi yako ndiye aliyetuzoesha. Hakutuambia sababu." Kufika magharibi bafu halikuwa na harufu yoyote.

Nikamweleza sababu, naye akanisikiliza kwa makini kama anavyosikiliza daktari wake. Nikamwambia na habari ya Hong Kong. Mwaka 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, kwenye majengo ya Amoy Gardens waliambukizwa zaidi ya watu 300. Wachunguzi walipofuatilia walitaja, miongoni mwa njia za maambukizi, trapu za sakafuni za mabafuni. Zilikuwa zimekauka. Wakazi walikuwa wanapiga deki badala ya kumwaga maji, na feni za bafuni zikawa zinavuta hewa ya bomba la choo mpaka ndani ya nyumba. Mama akasema, "Kumbe deki." Kwa sababu na sisi ndivyo tulivyo sasa. Vigae vimetufanya tuone maji sakafuni ni uchafu. Tunapiga deki, sakafu inang'aa, na tundu la kona linakauka.

Ningependa kusema kisa kiliishia hapo. Siku tatu baadaye, harufu ikarudi, hafifu, asubuhi tu. Hii ilinisumbua kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinaidondoshea trapu ile maji usiku kucha, haikuwezekana ikauke. Nikakaa bafuni na tochi kuanzia saa 11 na nusu alfajiri. Saa 12 kasoro, wa juu wakavuta choo. Maji yakashuka ndani ya bomba kwa kishindo, na trapu ya sakafuni ikakoroma, ikanywa maji yake yote mbele ya macho yangu. Nikamulika: pakavu, hivi hivi, sekunde tatu.

Hiyo ninaijua, ni dukani kwetu hasa. Maji mengi yakishuka kwenye bomba yanasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma yao. Bomba linatakiwa lipande mpaka juu ya paa na kubaki wazi, ili livute hewa ya kule juu. Mafundi wanaliita bomba la pumzi. Likizibwa, hewa itavutwa kutoka popote penye upenyo, na penye upenyo dhaifu kuliko pote ni kwenye zile sentimita tano za maji. Nikamwomba mlinzi ufunguo wa paa. Mdomo wa bomba ulikuwa umefunikwa kwa mfuko wa sandarusi na kufungwa waya. Mwaka jana walipokarabati zege la paa waliufunika ili mchanga usiingie, jambo zuri, kisha wakamaliza wakashuka. Nikakata waya kwa koleo. Mfuko ulipotoka bomba lilivuta pumzi, nililisikia kabisa. Toka siku ile trapu haijakoroma. Jirani wa ghorofa ya kwanza aliniambia baadaye kwamba beseni lake la kunawia lilikuwa likigugumia mwaka mzima, akadhani ndivyo majengo ya zamani yalivyo.

Nimeanza kuwatazama wateja wangu kwa namna nyingine. Mtu anajenga nyumba ya mamilioni, anachagua vigae siku mbili, akifika kwenye trapu anasema, "Nipe ya bei ya chini, hiyo haionekani." Au anataka ule mpira wa kukunja kama kinanda, anaushusha kutoka kwenye sinki moja kwa moja hadi kwenye bomba, bila pindo lolote. Sasa simuuzii kabla sijamwonyesha jinsi ya kuukunja: unaushusha, unaupandisha, unaufunga kwa waya ili pindo lisifunguke, ndipo unauingiza ukutani. Hata hivyo mikunjo yake inakamata mafuta ya jikoni, na ukiwa na uwezo nunua trapu ya plastiki ngumu yenye nati za kufungua kwa mkono. Weka ndoo chini, fungua, toa nywele na masalia, angalia wosha haijapasuka, funga. Robo saa. Mafuta ya kukaangia mandazi mimina kwenye kopo, si kwenye sinki. Yanashuka ya moto na kuganda mbele ya safari.

Na kuna mzee wa ghorofa ya pili, mtu mwema sana. Kiyoyozi chake kilikuwa kinadondosha ndani, na nilipotazama barazani kwake niliona mpira umeingizwa kwenye dumu la lita 20 hadi chini.

"Shikamoo mzee. Samahani, hilo dumu linajaa?"

"Marahaba. Linajaa kila siku mbili, namwagilia maua."

"Mdomo wa mpira ukizama kwenye maji, hewa ya ndani inakosa pa kutokea na maji yanashindwa kushuka. Tuuinue tu, uwe juu ya maji."

Tukakata mpira ukabaki juu ya mdomo wa dumu. Kudondosha kukaisha siku ileile. Nikamwomba na jambo la pili: amwage kila siku, au afunike kwa kitambaa cha chandarua. Maji ya kiyoyozi ni masafi kwa macho, na mbu wa dengi anapenda hasa maji masafi yaliyotulia kwenye chombo karibu na watu. Dar tulipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kwenye joto letu, yai la mbu yule linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi au siku kumi. Kwa kumwagilia maua maji hayo yanafaa. Ya kunywa, hapana. Yamepita kwenye vumbi na ute wote ule.

Kwa mabafu yasiyotumika, baada ya kumwaga maji naongeza kijiko cha mafuta ya kupikia. Yanaelea na kuyazuia maji yasipae haraka. Mama alipoona hilo akakumbuka habari za Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako chembe za plastiki nyeupe nyepesi, kama zile za kufungashia televisheni, zilimwagwa kwenye mashimo ya vyoo zikaelea juu ya maji, mbu wa matende wakakosa pa kuzalia. Mama alikuwa na shangazi mwenye matende, kwa hiyo habari ile ilimkaa. "Tabaka dogo juu ya maji," akasema, akikinga kiganja chake hewani kuonyesha.

Macho yake yalipopata nafuu, mwanzoni mwa mwezi wa sita, nilimpeleka stendi. Kipupwe kilikuwa kimeingia. Nilirudi, nikazima kiyoyozi cha chumba chake, nikaacha feni yake izunguke bila baridi kwa saa kadhaa ili mapezi na trei vikauke kabla sijakifungia. Mpira haudondoshi tena. Trapu ya sakafuni sasa inanitegemea mimi.

Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, simu ikaita. Hakuanza na habari za safari wala za macho.

"Umemwaga maji bafuni kwangu?"

"Namwaga sasa hivi, mama."

"Usikate. Nataka nisikie."

Nikaweka simu kwenye kizingiti, nikamimina jagi la kwanza, halafu la pili, na tukasubiri wote wawili mpaka maji yalipotulia.